UZI: Nani hasa aliiua TVR ya Blackpool? Mimi namshika Mrusi

#1 Msafiri wa Relini
Habari za jioni wakuu.

Waliokulia kwenye mabanda ya gemu watanielewa. Enzi za PlayStation ya kwanza, kwenye Gran Turismo, kila mtu pale kwetu Magomeni aligombania Skyline na Supra. Mimi nilikuwa na gari langu la Kiingereza ambalo hakuna aliyelitaka: TVR Cerbera. Njia ikinyooka halikamatiki. Ikija kona linageuka kama chapati, mbele nyuma, nyuma mbele. Nilifungwa sana, ila sikubadilisha.

Juzi usingizi umegoma nikaanza kufuatilia historia yake. Kumbe si kampuni kubwa hata kidogo. Ni karakana ya Blackpool, mji wa ufukweni kaskazini-magharibi mwa Uingereza, iliyoanzishwa 1946 na kijana wa miaka 23 aliyeacha shule akiwa na 14, Trevor Wilkinson. Hilo jina TVR ni Trevor aliyenyofolewa herufi. Wametengeneza magari karibu miaka 60. Mwaka 2004 akatokea kijana wa Kirusi wa miaka 24, Nikolai Smolensky, mtoto wa tajiri mwenye benki, akainunua kwa fedha iliyotajwa kuwa pauni milioni 15. Desemba 2006 Blackpool kimya.

Miaka miwili na nusu tu! Hoja yangu ni kwamba Mrusi ndiye muuaji. Mwenye kupinga aje na hoja, matusi ayaache mlangoni.

#2 Kaka wa Goba
Nimeona TVR nikadhani ni kile kidude cha kurekodia televisheni. Basi nimekaa siti ya mbele, kahawa ipo.

#3 Binti Hesabu
Mleta mada umeingia msibani saa ya kugawana matandiko. Hiyo kampuni ilishakufa na kufufuka mara kadhaa kabla Mrusi wako hajazaliwa.

Wilkinson mwenyewe aliondoka 1962. Mwaka huo huo walipeleka gari Le Mans, mbio za saa 24, likachemsha na kutoka baada ya mizunguko mitatu. Mitatu! Kampuni ikayumba, wenye hisa wakabadilishana viti.

Halafu ikaja hadithi ya Griffith. Muuza magari wa New York, Jack Griffith, aliona kigari cha TVR kilivyo kidogo, akasema tuweke injini ya Ford ya V8, silinda nane, lita 4.7. Fikiria injini ya namna hiyo kwenye gari lisilofika tani moja. Blackpool ikawa inatuma magari bila injini, Griffith anazifunga kule Marekani. Biashara ikachanganya, mayai yote yakawa kwenye kapu la Mmarekani. Mwanzoni mwa 1965 wafanyakazi wa bandari za pwani ya mashariki ya Marekani wakagoma, magari yakakwama, fedha haiji. Mwaka huo TVR ikafilisika.

Novemba 1965 wakainunua baba na mwana, Arthur na Martin Lilley. Huyo Martin ndiye aliyeitengeneza ikawa kampuni ya kueleweka, na hata yeye Januari 1975 kiwanda kikamshikia moto. Mwishoni mwa 1981 akamwachia Peter Wheeler, mhandisi wa kemikali aliyepata utajiri wake kwenye vifaa vya mafuta ya Bahari ya Kaskazini. Alianza kama mteja, alikuwa na TVR yake nyumbani.

Kwa hiyo swali sahihi ni kwa nini safari hii haikufufuka.

#4 Kaka wa Goba
Dada umetisha. "Saa ya kugawana matandiko" naiazima.

#5 Fundi Gasketi
Salaam kutoka Arusha. Mimi TVR sijaiona kwa macho hata siku moja, lakini moyo wake nimeushika kwa mikono hii.

Nisikilizeni. TVR za Wheeler, kuanzia ile 350i ya 1983 mpaka modeli za Griffith na Chimaera za miaka ya 90, zilikuwa na injini ya Rover V8. Ndiyo ile ile ya Range Rover za zamani, ambayo nimeifungua na kuifunga tangu nikiwa msaidizi wa kubeba spana. Wamarekani wa Buick waliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 60, bloku, yaani mwili wa injini, ya alumini tupu, nyepesi. Wakaichoka haraka. Rover wa Uingereza akachukua haki ya kuitengeneza 1965, akaiweka kwenye magari yake ya saluni, kisha Range Rover ya 1970. Morgan, kiwanda kingine kidogo cha Uingereza, nao wakaichukua. Injini iliyotupwa na mwenyewe ikalisha viwanda vya Waingereza miaka karibu 40.

Sasa utofauti. Range ya mwanzo lita 3.5 ilikuwa na nguvu za farasi 130 na ushee, na gari lenyewe linakaribia tani mbili. TVR waliitanua mpaka lita 5, Griffith 500 ya 1993, wakasema farasi 340, kwenye gari la tani moja na kidogo. Hakuna ABS ya kuzuia breki zisifunge tairi. Hakuna kitu cha kukushikia tairi zikiteleza. Wewe, klachi, na dua ya mama.

Ugonjwa wake naujua kwa harufu. Kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, inalika meno taratibu, hutajua mpaka nguvu ipungue. Ukiichemsha, bloku inapata ufa nyuma ya slivu, ile bomba anayocheza pistoni, maji yanapotelea ndani. Ukiona maji yanapungua na huoni yanakovujia, kaa chini ulie kidogo kabla hujafungua hedi.

Lakini spea zilikuwa kila mahali na mafundi waliizoea. Kwa hiyo mimi nasema TVR ilikufa siku ilipoiacha hii injini ikaenda kujitengenezea yake. Mrusi alikuta maiti imeshaoshwa.

#6 Msafiri wa Relini
Fundi, hiyo Cerbera niliyokuwa naendesha Magomeni ina injini gani sasa? Rover?

#7 Fundi Gasketi
Hapana, Cerbera ndiyo mwanzo wa dhambi. Injini yao wenyewe, V8 ya lita 4.2, waliiita AJP. A ni Al Melling aliyeichora, J ni John Ravenscroft, P ni Peter Wheeler. Ilitoka 1996. Hiyo yenyewe sikuilaumu sana, ilikuwa kali na ilikuwa na adabu kiasi. Dhambi kubwa ni iliyofuata.

#8 Mbishi wa Zamani
Chimaera si ilikuwa na injini ya Chevrolet? Nakumbuka niliisoma mahali.

#9 Fundi Gasketi
Ulisoma ukiwa umesimama kwenye daladala. Chimaera ni Rover V8, ya kwanza mpaka ya mwisho.

#10 Mpiga Faiba
Asalaam aleikum jamaa zangu, niko Mombasa, kazi yangu ni boti za faiba. Hamjagusa jambo moja nami naliona ndilo kubwa.

Hizo gari bodi zake ni faiba tupu. Watu wakisikia hivyo hudhani ni umaskini. Si umaskini, ni akili. Ukitaka bodi ya bati unahitaji mashine za kukandamiza zenye bei ya kununua mtaa mzima, na lazima uuze magari maelfu ndipo zilipe. Faiba yataka kalibu. Kalibu waichonga, waisugua, waipaka nta, wapaka jelikoti, ile ngozi ya juu inayong'aa, walaza mikeka ya faiba, wamwaga resini, watoa mapovu kwa rola. Ikikauka waibandua. Leo umbo hulipendi? Wachonga jingine mwezi ujao. Ndiyo sababu kiwanda cha watu mia kadhaa kiliweza kutoa gari jipya kila baada ya muda mfupi na jitu kubwa la Kijerumani likachukua miaka.

Huyo Wheeler, nijuavyo, hakuwa na haja na tarakilishi. Walichonga povu gumu kwa mkono ukubwa wa gari lenyewe, kama sisi tunavyotoa mfano wa boti kwa ubao kisha kwa macho. Ukisimama mbali ukaona mstari umepinda, waurudia.

Lakini faiba hula mikono ya watu. Kila bodi ni saa nyingi za binadamu, huwezi kuongeza kasi kwa mashine. Ukiuza mia tano utakula. Ukiuza mia utalala njaa, maana mishahara haipungui.

#11 Kaka wa Goba
Mpiga Faiba, kuna hadithi kuwa mbwa wa Wheeler ndiye aliyemalizia kuchonga Griffith. Ukweli au porojo?

#12 Binti Hesabu
Mbwa yupo, anaitwa Ned. Gari ndiyo umekosea. Ni Chimaera. Hadithi inayosimuliwa siku zote ni kwamba Ned aliingia chumba cha kuchongea akang'ata kipande cha povu sehemu ya mbele. Wheeler akatazama lile pengo, akasema liacheni, hapo panakaa indiketa. Na indiketa zikakaa.

#13 Mpiga Faiba
Wallahi kwangu paka amelala juu ya jelikoti mbichi, sikupata muundo wowote ila manyoya.

#14 Mswahili wa Bolton
Wakuu nimechelewa, nilikuwa zamu. Niko Lancashire, Blackpool ni kama saa moja kwa gari kutoka hapa. Nafanya kazi gereji ndogo na kwa sasa hivi ninavyoandika kuna Chimaera juu ya lifti. Kwa hiyo niacheni niongee.

Kwanza mlango. Kwa nje hauna kitasa. Siku ya kwanza nilizunguka lile gari mara mbili, bosi ananiangalia anacheka. Kumbe kuna kitufe kimefichwa chini ya kioo cha pembeni. Unabonyeza, mlango unaachia. Ukishaingia, kutoka nako ni mtihani mwingine.

Pili, kiti. Huyo Wheeler alikuwa mrefu karibu mita mbili, na gari alilitengeneza akae yeye. Mimi ni mfupi wa Kimakonde, miguu inaelea.

Tatu, na hapa namjibu Fundi Gasketi na Mpiga Faiba kwa pamoja: kinachoua hizi gari siku hizi wala si injini wala faiba. Ni chesisi. Ile faiba imekaa juu ya fremu ya mabomba ya chuma. Katikati kuna uti wa mgongo, na pembeni kuna mikono ya mabomba inayokuja mpaka chini ya milango kubeba bodi. Mabomba yamepakwa rangi ya unga iliyookwa. Miaka inapita, jiwe linatoboa rangi, maji ya chumvi ya barabarani wakati wa baridi yanaingia chini yake na hayatoki. Kwa juu unaona rangi nzima, safi. Jana nimechukua bisibisi nikagusa tu bomba la upande wa dereva, ikazama mpaka kwenye mpini. Ikatoka na unga mwekundu kama hina.

Sasa dawa yake ni kuinyanyua bodi nzima. Unafungua boliti, waya, mabomba ya breki, usukani, halafu watu wanne mnashika faiba kama jeneza mnaiweka pembeni. Bili yake mwenye gari akiiona anakaa kimya dakika nzima.

#15 Msafiri wa Relini
Hapo kwenye "unga mwekundu kama hina" nimesikia baridi. Na picha?

#16 Mswahili wa Bolton
Gari la mteja mkuu, sitaki kesi.

#17 Mbishi wa Zamani
Nimerudi, aibu ya Chevrolet nimeimeza. Lakini nyote mnazunguka mbuyu. Aliyeiua TVR ni Porsche.

Mwaka 1996 Boxster imetoka. Kabla ya hapo, mtu mwenye fedha ya kati akitaka gari la wazi lenye kasi na kelele, Uingereza chaguo zilikuwa chache na TVR alikuwa anatamba. Baada ya hapo yupo Mjerumani anayekuuzia gari linalowaka kila asubuhi, halivuji mvua, na ukiliuza hasara yake unaijua. Kijana wa benki wa London atanunua lipi? La kelele atalisifia kwa wenzake, la Mjerumani ndilo atakalolipia.

Na Lotus, Mwingereza mwenzao, mwaka huo huo akatoa Elise. Kidogo, chepesi, cha bei ya chini. TVR akabanwa juu na chini.

#18 Binti Hesabu
Mbishi safari hii una hoja. Ongezea kwamba miaka yote ya 90 TVR haikuuzwa Marekani. Walishajitoa huko. Sheria za moshi na usalama, bima, kesi za madai, Wheeler akaona bora abaki na Waingereza wake. Kwa hiyo walikuwa wanategemea soko la nyumbani, na kwa kiasi fulani wateja wachache wa Ulaya na Japani. Kumbuka 1965 walikufa kwa kumtegemea Mmarekani mmoja. Miaka 40 baadaye wakafa bila Mmarekani hata mmoja.

Fundi nawe nakurudia. Umesema waliiacha Rover kwa kiburi. Si kiburi tu. Mwaka 1994 BMW iliinunua Rover. Weka kiatu cha Wheeler mguuni: roho ya gari lako iko mikononi mwa Mjerumani ambaye kesho anaweza kufunga bomba. Ungekaa ungoje?

#19 Fundi Gasketi
Dada, mwenye hofu ya mvua hachomi nyumba. Hilo bomba halikufungwa. Range iliendelea na hiyo injini mpaka 2002, Discovery mpaka 2004. Chimaera yenyewe iliendelea nayo mpaka ilipoisha 2003. Kulikuwa na miaka kumi ya kutafuta injini ya mtu mwingine kwa utulivu.

Badala yake wakaleta Speed Six. Silinda sita kwa mstari, lita 4. Melling aliichora, kiwandani wakaifanyia mabadiliko, na watu mpaka leo wanabishana kosa la nani. Kuna vidole vidogo vya chuma vinavyokaa kati ya kamshafti na valvu. Vile ndivyo vilivyokuwa vinalika. Valvu nazo zinacheza. Mteja amelinunua TVR Tuscan jipya, linang'aa rangi inayobadilika kila ukisogea, maelfu machache ya maili injini inagonga kama mtwangio. Inarudi kiwandani, inafunguliwa bure kwa sababu ya waranti. Nyingine. Nyingine tena. Kampuni ndogo ikishaanza kufungua injini zake bure, hesabu nakuachia wewe, jina lako linakutosha.

#20 Mswahili wa Bolton
Hapo naomba niwatetee kidogo. Kuna mzee mmoja anakuja kwetu na Tuscan. Kila akiliwasha anasubiri. Hakanyagi mpaka mafuta ya injini yapate moto, siyo maji, mafuta. Anakaa pale anasoma gazeti. Limekaa miaka na halijafunguliwa. Matatizo yapo, sikatai, ila nusu ya injini zilizokufa ziliuawa na vijana waliozipiga gesi asubuhi ya baridi mbele ya majirani.

#21 Fundi Gasketi
Gari la kusubiriwa na gazeti. Huku mteja akisubiri dakika mbili anaenda kwa fundi mwingine.

#22 Msafiri wa Relini
Mimi nasikia walikuwa na lingine la farasi elfu moja, Speed 12. Gemu ya pili lilikuwemo. Hilo nalo liliua kampuni?

#23 Mbishi wa Zamani
Halikuua, lilikula fedha tu. Na farasi elfu hakuna aliyezipima. Lilikuwa na V12 ya lita 7.7, kama silinda sita mbili zimeunganishwa. Walipoiweka kwenye mashine ya kupimia iliyoandikwa inahimili elfu moja, mhimili wa mashine ukakatika. Wakapima upande mmoja mmoja wakajumlisha, ikaja kama 960. Wheeler akaliendesha lile gari kwenda nalo nyumbani, aliporudi akasema hili haliuzwi kwa mtu wa barabarani. Mtu ambaye aliamini ABS na mifuko ya hewa vinampa dereva kiburi! Yeye mwenyewe akaogopa.

#24 Kaka wa Goba
Gari likimtisha aliyelizaa, ujue lina pepo.

#25 Msafiri wa Relini
Narudi kwenye mada yangu maana naona Mrusi mnamtoa kwa dhamana. Alipochukua alisema ataongeza ubora. TVR Sagaris ikatoka 2005, ile yenye mipasuko kwenye boneti kama samaki anayetaka kukaangwa. Wote wanasema ndiyo TVR iliyokamilika kuliko zote. Sasa kama bidhaa ni nzuri na mwenye fedha yupo, kwa nini 2006 watu karibu 300 wakose kazi? Na kiwanda akakihamishia Italia!

#26 Binti Hesabu
Hakukihamishia. Oktoba 2006 alitangaza kuwa bodi zitatengenezwa Torino. Hazikutengenezwa. Desemba kampuni ikakatwa vipande na kuwekwa chini ya wafilisi, na chapa ikaishia kwake yeye tena. Hilo ndilo lililowaudhi watu.

Lakini nikupe picha moja. Novemba 2006 wenye TVR waliandamana na magari yao katikati ya London, mamia ya magari, kelele tupu, kulilia kiwanda. Inagusa moyo. Mimi mhasibu niliangalia ile video nikawa najiuliza swali la kichawi: hapa wangapi wamenunua gari *jipya* mwaka huu? Wengi walikuwa na Chimaera za mkono wa pili. Gari la mkono wa pili halimlipi mchoraji wala mshona viti wa Blackpool. Ukiniuliza muuaji, nami nina wangu: mashabiki.

#27 Mpiga Faiba
Ewe dada, mbona wawapiga waliofiwa?

#28 Binti Hesabu
Nawahesabu tu.

#29 Mbishi wa Zamani
Na Wheeler je? Amekaa na kampuni miaka 23, ameona Boxster inamla, ameona waranti inamla, ameona sheria za Ulaya za moshi na usalama zinakuja, akampata kijana mwenye fedha za baba yake. Akauza. Yule mzee alijua anachofanya. Baada ya hapo akaenda kutengeneza gari lake la kuogelea majini, Scamander, akafariki Juni 2009. Wilkinson naye alitangulia Juni 2008, alikuwa amestaafia kisiwa cha Minorca, Hispania. Wazee wote wawili wameondoka ndani ya kama mwaka mmoja, chapa iko kwa Mrusi. Msafiri, Mrusi wako aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

#30 Msafiri wa Relini
Akiuziwa mbuzi kwenye gunia bado ana jukumu la kumlisha. Sibadiliki.

Ila tazameni hii, imenifurahisha. Mwaka 2013 Mrusi akaiuza kwa Mwingereza Les Edgar na wenzake. Edgar ni nani? Ni mmoja wa waanzilishi wa Bullfrog, kampuni ya magemu! Kwa hiyo si mimi peke yangu niliyetoka kwenye gemu nikaja kwenye TVR.

#31 Mswahili wa Bolton
Na yaliyofuata unayajua? Septemba 2017 pale Goodwood wakafunua Griffith mpya. Chesisi ya ubunifu wa mchora magari Gordon Murray, V8 ya Ford ya lita 5 iliyopitia kwa mafundi injini wa Cosworth, farasi 500, gea za mkono. Serikali ya Wales ikawapa mkopo wa pauni milioni 2 na kununua hisa kidogo, kiwanda kiwe huko huko Wales, mji wa Ebbw Vale. Watu wakaweka malipo ya awali. Magari yalitakiwa kuanza kutoka 2019. Mwaka ukapita. Ukaja mwingine. Mteja wetu mmoja aliweka jina, kila akija tunamuuliza "limefika?", siku hizi haulizwi tena maana anakasirika kweli.

#32 Kaka wa Goba
Hiyo Griffith mpya ni ile inayokuja na SGR ya Kigoma.

#33 Mbishi wa Zamani
Ndugu zao walionusurika wamenusurika vipi? Lotus ina Wachina wa Geely tangu 2017. Morgan, wale wenye fremu ya mbao, mwaka 2019 wamechukuliwa na Waitaliano. Caterham yuko na Wajapani. Kwa hiyo mgeni kununua si kifo. Hapo Msafiri nakubomolea ukuta mmoja.

#34 Msafiri wa Relini
Umenijengea! Mgeni mzuri anaokoa, mgeni mbaya anaua. Wa kwangu alikuwa mbaya.

#35 Kaka wa Goba
Tuache maiti. Mimi nataka kujua, nikilileta moja Dar inawezekana? Usukani uko kulia tayari, hiyo ni nafuu.

#36 Mpiga Faiba
Kenya sahau. Gari lililopita miaka minane halishuki Kilindini, na TVR zote zimepita.

#37 Binti Hesabu
Dar litashuka, halafu utakutana na ushuru wa uchakavu. Ukishalipa utakuwa huna hela ya petroli.

#38 Fundi Gasketi
Na matuta je? Lile tumbo liko chini. Tuta la kwanza la Goba ekzosi inabaki pale, unaendelea na safari bila kujua kwa sababu kelele ni ile ile. Ila likifika nitumie, injini nitaihudumia bure, niiguse tu hiyo lita 5.

#39 Kaka wa Goba
Na mlango hauna kitasa. Nitakuwa natafuta kitufe, wakwapuzi wameshachukua viatu.

#40 Mswahili wa Bolton
Wakuu nimerudi baada ya wiki kadhaa. Bosi ametoka kwenda benki, nimeliwasha lile Chimaera. Limesimama juu ya lifti, bodi imerudi, chesisi mpya chini. Fundi Gasketi, ninyi mnaoijua kwenye Range hamuijui. Huku mabomba ni mafupi, mlio unakuja kifuani kabla ya masikio. Kikombe cha chai kimetembea mezani chenyewe.

#41 Fundi Gasketi
Zima. Kabla mwenye gari hajaja, subiri lipoe, fungua uangalie maji ya redieta.

#42 Mswahili wa Bolton
Nilijaza jana asubuhi. Yamepungua kidogo. Chini pakavu kabisa, hakuna hata tone.

#43 Fundi Gasketi
Haya. Vuta kiti ukae chini.